Asubuhi linawaka, mchana linagoma

Gari lisilowaka kabisa halimsumbui fundi sana. Analikuta palepale lilipolala, analipima, na ubovu anaukuta mahali pake. Linalosumbua ni lile linalogoma likiwa la moto tu. Alfajiri linawaka kwa kugusa ufunguo. Linatoka Dar es Salaam hadi Chalinze bila kukohoa. Dereva analizima, anakunywa chai na chapati, anarudi baada ya robo saa na kupiga stata. Injini inazunguka, inazunguka tena, haishiki. Anafungua boneti, anauliza wapita njia, anaita fundi. Fundi anapofika, injini imeshapoa, na gari linawaka mara ya kwanza. Ni kama homa inayoshuka mgonjwa akifika zahanati: ugonjwa ungalipo, ila hakuna cha kupima.

Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza. Wiki hii zinabadilishwa plagi, wiki ijayo koili, mwezi ujao pampu ya mafuta. Kila spea mpya inasifiwa kwa siku kadhaa kwa sababu gari halijakutana tena na mazingira ya kugoma, kisha siku moja ya jua kali mchezo unarudi uleule. Mwenye gari anamaliza akiba yake na fundi anapoteza jina. Wote wawili wangeepuka hasara hiyo kama wangekubaliana jambo moja tangu mwanzo: ubovu unaojitokeza injini ikiwa ya moto lazima upimwe injini ikiwa ya moto, katika zile dakika chache ambazo gari limekataa. Dakika hizo ndizo zenye majibu, na mara nyingi anayekuwapo ni dereva peke yake. Kwa hiyo inafaa dereva naye ajue cha kuangalia.

Kinachotokea baada ya kuzima

Wengi hudhani injini huanza kupoa mara tu inapozimwa. Kwa vitu vingi vilivyo chini ya boneti, dakika za mwanzo mambo huwa kinyume. Gari likiwa kwenye mwendo, pampu inazungusha maji ya rejeta, feni inavuta upepo, na hewa inapita kila mahali. Maji hayo hukaa kwenye nyuzi joto 80 hadi 95 hivi. Ukizima, maji yanasimama na upepo unakatika, lakini chuma cha silinda hedi na ekzosi, chenye moto mkali kuliko maji, kinaendelea kutoa joto lake. Joto hilo linavamia vilivyo jirani: reli ya nozeli, koili, sensa, nyaya, stata. Vitu hivi vinaweza kuwa na joto kali zaidi robo saa au nusu saa baada ya kuzima kuliko vilivyokuwa nalo barabarani. Baada ya hapo ndipo vinapoanza kupoa taratibu.

Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza dereva ni la muda. Je, gari linakataa papo hapo ukilizima na kuliwasha tena, au linakubali papo hapo na kukataa ukishakaa dakika ishirini? Likikataa papo hapo, fikiria kwanza mambo ya umeme na stata. Likikubali papo hapo na kukataa baada ya kutulia, joto lililosambaa limegusa mafuta, nozeli au kifaa fulani kilicho karibu na chuma cha moto. Na kama gari lilizimika lenyewe barabarani, likakaa kimya hadi lilipopoa, hiyo ni hadithi nyingine kabisa, ambayo mara nyingi huishia kwenye sensa, koili au rilei.

Kuna joto la aina ya tatu ambalo husahaulika, nalo ni la ndani ya gari. Likiegeshwa juani vioo vimefungwa, dashibodi na vilivyo chini yake hupata moto mwingi hata kama injini imepoa. Magari kadhaa yana rilei ya pampu ya mafuta au rilei kuu ya injini chini ya dashibodi. Risasi iliyounganisha miguu ya rilei hiyo ikipata ufa, joto linautanua na umeme unakatika. Dereva anayesema gari lake hugoma baada ya kukaa juani, hata kama halikutembea, amekwisha kumwonyesha fundi pa kuanzia.

Inazunguka au haizunguki?

Swali la pili hujibiwa kwa masikio. Ukipiga stata, injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida, inazunguka kivivu, au unasikia "ta" moja kisha kimya? Hapa njia zinagawanyika. Injini isiyozunguka haina ugomvi na mafuta wala plagi. Tatizo liko kwenye betri, nyaya, rilei, swichi au stata yenyewe, na kila shilingi itakayotumika nje ya orodha hiyo imepotea.

Injini ya moto kwa kawaida huzunguka kwa wepesi kuliko ya baridi kwa sababu oili imelainika. Ikizunguka kwa shida wakati ni ya moto, hiyo ni dalili ya maana. Stata nyingi hukaa chini ubavuni mwa injini, nyingine karibu kabisa na ekzosi, na ndani yake kuna nyaya za shaba. Ukinzani wa shaba dhidi ya umeme huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi joto moja. Kutoka nyuzi 20 hadi 100, ongezeko linafika karibu theluthi moja. Stata nzima inaweza kulibeba hilo bila dereva kuhisi. Stata yenye brashi zilizolika, bushi zilizochakaa au kontakti zilizoungua haina nguvu ya ziada ya kulibeba.

Kabla ya kuishusha, ipimwe ikiwa palepale. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi. Wakati stata inazungusha injini, isishuke chini ya volti 9.6. Kama inashikilia, mita iwekwe kati ya nguzo hasi ya betri na bodi ya stata, kisha mtu mwingine apige stata. Usomaji ukizidi nusu volti, ethi imeshika kutu au imelegea, na spana pamoja na brashi ya waya vinaweza kumaliza kazi. Kipimo hichohicho kirudiwe kwa waya mnene wa upande chanya. Mwisho upimwe waya mwembamba unaoiamuru stata. Ukileta volti 10 na zaidi na stata isigeuke, stata ni mbovu. Usipoleta kitu, rudi nyuma kwenye rilei, swichi ya ufunguo au, kwa gari la otomatiki, swichi ya gia. Hiyo ya mwisho hujulikana upesi kwa kujaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P.

Cheche ipo?

Injini ikizunguka vizuri na bado haiwaki, inakosa kimoja kati ya vitatu: cheche kwa wakati wake, mafuta na hewa kwa kipimo chake, au kompresheni. Kwa magari ya petroli ya miaka hii, cheche na mafuta vyote vinatoka kwa amri ya kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontrolboksi. Nayo haitoi amri mpaka ipate habari kwamba krenki inazunguka. Mleta habari ni sensa ya krenki.

Kwenye injini nyingi za Toyota zenye VVT-i, ambazo zimejaa barabarani kwetu, sensa hiyo ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, na imekaa chini karibu na puli ya krenki. Waya huo ukikatika ndani, ukiwa baridi ncha zake zinaweza kuendelea kugusana. Joto likizitanua, zinaachana na habari inakatika. Gari linazimika ghafla bila kutetemeka wala kukosakosa, linakaa kimya, kisha likipoa linawaka kama halikuwa na jambo.

Dalili yake inaonekana bila bisibisi. Wakati wa kupiga stata, tazama mshale wa RPM. Kwenye magari mengi unacheza kidogo injini inapozungushwa. Ukilala kwenye sifuri, ishuku sensa. Jibu la uhakika zaidi linatoka kwenye mashine ya kupimia ikiwekwa kwenye usomaji wa moja kwa moja: injini ikizungushwa na stata husoma mizunguko 150 hadi 300 hivi kwa dakika. Ikisoma sifuri huku injini inazunguka, habari haifiki kwenye kompyuta. Huenda msimbo wa hitilafu ya sensa hiyo, P0335, ukawa umehifadhiwa, huenda usiwe umehifadhiwa. Sensa ya aina hii ipimwe ukinzani ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Kupanda kiasi ni kawaida. Kuruka hadi mita iseme hakuna njia kabisa ni ushahidi kwamba waya umekatika. Njia nyingine ni kuipoza sensa peke yake kwa kitambaa chenye maji. Injini ikiwaka ndani ya dakika moja huku vingine vyote vikiwa bado vya moto, umemshika mhusika.

Koili nazo hufa kwa joto, lakini hapa kuna hesabu ambayo wengi huiruka. Injini yenye koili nne, kila silinda na yake, haiwezi kukataa kabisa kuwaka kwa sababu koili moja imechoka. Itawaka ikitetemeka kwa silinda tatu. Koili zote nne kufa kwa pamoja, kisha kufufuka kwa pamoja zikipoa, ni jambo ambalo halielekei kutokea. Injini ya namna hiyo ikigoma kabisa, tafuta kitu ambacho silinda zote zinakitegemea: sensa ya krenki, rilei, ethi, pampu. Magari ya zamani yenye distribyuta na koili moja ndiyo yanayoweza kuzimwa na koili hiyo au kifaa chake cha kuwashia cheche, na hapo kipimo cha kupoza kwa kitambaa kinafanya kazi vilevile.

Mguu wa dereva ni kipimo

Cheche ikiwa ipo, swali linahamia kwenye kipimo cha mafuta na hewa: yamezidi au yamepungua? Hapa dereva ana njia ya kupima isiyogharimu kitu, nayo ni namna anavyokanyaga mafuta. Ajaribu njia tatu kwa mpangilio, kila jaribio lisizidi sekunde kumi, na apumzishe stata nusu dakika kabla ya kurudia.

Kwanza, asikanyage kabisa. Hivi ndivyo gari lenye nozeli linavyotakiwa kuwaka. Pili, akanyage kidogo sana. Likiwaka kwa msaada huo, injini ilikuwa inakosa hewa. Chunguza mlango wa hewa, ambao mafundi huuita throtoli, pamoja na valvu ndogo ya hewa ya sailensi. Masizi hujikusanya ukingoni mwake. Injini ikiwa baridi, kompyuta hufungua njia ya hewa kwa upana, hivyo masizi hayaonekani kuwa tatizo. Ikiwa ya moto hufungua kidogo tu, na kile kidogo ndicho kilichozibwa. Kusafisha kwa dawa yake kunatosha mara nyingi.

Tatu, akanyage hadi mwisho na kushikilia huku akipiga stata. Kwenye magari mengi yenye nozeli za umeme, kompyuta ikiona hivyo wakati wa kuwasha hukata mafuta na kuacha hewa iingie tupu. Injini ikishika kwa kukohoa, ikatoa moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi, jibu limepatikana: mafuta yalikuwa yamezidi. Isiposhika kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, na plagi zikitolewa zimekauka, mafuta hayafiki.

Mafuta yakizidi

Mshukiwa wa kwanza wa mafuta kuzidi ni sensa ya joto la maji ya injini. Injini baridi inahitaji petroli nyingi ili iwake, ya moto inahitaji kidogo. Kompyuta haina njia ya kujua hali hiyo ila kwa kusoma sensa hii, ambayo ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda. Kwa magari mengi ya Toyota, kwenye nyuzi joto 20 husoma omu 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 husoma omu 200 hadi 400. Ikichakaa na kubaki kwenye usomaji wa juu, kompyuta inaambiwa kwamba injini ni ya baridi, nayo inamwaga petroli ya asubuhi kwenye injini ya mchana.

Ikikatika kabisa, taa ya cheki injini itawaka na mashine itasoma nyuzi 40 chini ya sifuri, joto ambalo halipo Mwanza wala Mombasa. Ubovu mgumu ni ule wa kudanganya kidogo, ambao hauwashi taa. Kuugundua kunahitaji uvumilivu tu. Gari lilale usiku kucha, na asubuhi kabla ya kuwasha usome kwenye mashine joto la maji na joto la hewa inayoingia. Vyote viwili vinatakiwa kukaribiana na hali ya hewa ya asubuhi hiyo. Kisha liendeshwe hadi lipate moto kamili na lisomwe tena. Lisipofika 80 huku rejeta ni ya moto, ama sensa inadanganya ama thermostati imebaki wazi, na kipimo cha omu kitaamua. Dereva asitegemee mshale wa joto kwenye dashibodi, kwa kuwa magari mengi ya zamani yana sensa moja ya mshale na nyingine ya kompyuta.

Mshukiwa wa pili ni nozeli zinazovuja. Baada ya kuzima, reli inabaki na mafuta yenye shinikizo. Nozeli isiyoziba vizuri inadondosha matone ndani ya mlango wa silinda. Yakidondoka usiku kucha hupata muda wa kukauka, na injini ya baridi ya asubuhi ilihitaji petroli nyingi hata hivyo. Yakidondoka kwa dakika ishirini kwenye chuma cha moto, yanajaza njia ya hewa mvuke mzito wa petroli, na injini inakabwa. Ukikuta oili inanuka petroli au kimo chake kinapanda badala ya kushuka, usipuuze, kwa maana oili iliyochanganyika na petroli inakula metali za injini.

Wa tatu hujitambulisha mahali panapojulikana: kituo cha mafuta. Gari likigoma hasa baada ya kujaza tangi, angalia valvu inayoruhusu mvuke wa tangi kuingia kwenye injini. Ikibaki wazi muda wote, mvuke unaosukumwa na mafuta mapya unaingia bila kipimo. Bana kwa muda mpira wake unaoelekea kwenye injini, kisha jaribu kuwasha. Likiwaka bila shida, valvu hiyo ndiyo yenye kesi.

Mafuta yakipungua

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vilivyo vyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 au 40 hivi, na vizito husubiri hadi karibu nyuzi 200. Katika hewa ya kawaida, petroli iliyo karibu na injini ya moto ingekuwa mapovu. Kinachoizuia ni shinikizo. Kwenye magari ya kabureta yenye pampu iliyofungwa kwenye injini, pampu inayavuta mafuta kutoka mbali, na kwenye mvuto shinikizo linapungua. Mafuta yanageuka mvuke kabla ya kufika, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke. Maeneo ya juu kama Nairobi na Mbeya, yaliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huongeza shida hiyo kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi.

Magari ya nozeli yalitatua hilo kwa kuweka pampu ndani ya tangi na kusukuma kwa nguvu. Injini ya Toyota kama 1NZ-FE inataka kilopaskali 304 hadi 343 kwenye reli. Kinachosahaulika ni kwamba shinikizo hilo linatakiwa kubaki hata baada ya kuzima. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka libaki angalau kilopaskali 147 dakika tano baada ya injini kuzimwa. Valvu ndogo ndani ya pampu ikichakaa, mafuta yanarudi kwenye tangi, shinikizo linaanguka, na petroli iliyobaki kwenye reli ya moto inachemka. Dereva akirudi, nozeli zinafungua na kutoa mvuke.

Bila geji, jaribio lake ni kufungua ufunguo hadi hatua ya kabla ya stata, kusubiri sekunde mbili au tatu, kufunga, na kurudia mara tatu kabla ya kuwasha. Pampu ikipata nafasi ya kujaza reli, gari litawaka upesi. Magari kadhaa, zikiwamo Toyota nyingi za zamani, hayawashi pampu mpaka injini izungushwe. Kwa hayo, piga stata kwa vipindi vifupi. Hata hivyo geji ya shinikizo ndiyo yenye neno la mwisho. Ifungwe, gari liendeshwe, lizimwe, na geji iangaliwe kwa dakika ishirini hadi wakati ule wa kugoma. Ikianguka, bana mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi, kama gari lina sehemu ya mpira inayobanika. Shinikizo likikaa, pampu ndiyo inayovuja. Likiendelea kuanguka, nozeli au regyuleta. Kazi hii ifanywe mbali na moto wowote, mtungi wa kuzimia ukiwa karibu, maana ni petroli juu ya chuma cha moto.

Dizeli na gesi

Dizeli ina sheria zake. Hita zinazosaidia kuwasha injini ya baridi hazihusiki na kugoma kwa moto, hivyo kuzibadilisha kwa tatizo hili ni kutupa fedha. Kwenye injini zenye pampu ya kuzunguka, kama 1HZ ya Land Cruiser, dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu. Ikipata moto inakuwa nyepesi. Pampu mpya haijali, lakini iliyokula kilometa nyingi ina nafasi ndani ambayo dizeli nyepesi inapenya, na kwa kasi ndogo ya stata hakuna shinikizo la kutosha kufungua nozeli. Madereva wa safari ndefu wanajua kwamba kuimwagia pampu maji kunaliwasha gari. Ni kweli, na kwa hiyo ni kipimo kizuri, lakini maji ya baridi ya ghafla yanaweza kuikamatisha pampu. Kitambaa chenye maji kinatosha kuthibitisha. Dawa yake ni kuikarabati pampu.

Kwenye dizeli za reli ya pamoja, kama 1KD ya Hilux na Prado, shinikizo kwenye reli lisipofika kiwango cha chini, kompyuta hairuhusu nozeli kufanya kazi. Kiwango hicho kwa injini nyingi ni baa 250 hadi 300 hivi. Nozeli zilizochakaa zinarudisha dizeli nyingi kwenye tangi, na dizeli ya moto inarudi kwa wingi zaidi. Mashine isome shinikizo la reli wakati wa kupiga stata, kisha mirija ya marejeo ielekezwe kwenye chupa nne na kulinganishwa. Chupa inayojaa kuliko nyingine inataja nozeli yake.

Jijini Dar es Salaam, ambako magari mengi yamefungwa mfumo wa gesi asilia, kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni tangi la petroli. Magari hayo kwa kawaida huwaka kwa petroli na kuhamia gesi injini ikipata joto. Dereva anayeona petroli kama mzigo huliacha tangi karibu tupu, bila kujua kwamba petroli ndiyo inayopoza na kulainisha pampu iliyomo ndani yake. Pampu inachoka, na wa kwanza kulijua hilo ni yule anayetaka kuwasha mchana. La pili ni nafasi ya valvu. Gesi ni kavu, na viti vya valvu hulika haraka zaidi. Valvu zinazama, na ile nafasi ndogo, ambayo kwa 1NZ-FE ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa, inapungua hadi kwisha. Valvu ikitanuka kwa joto haifungi tena, na kompresheni inavuja. Kwa hiyo kwenye gari la gesi linalogoma kwa moto, kompresheni ipimwe injini ikiwa ya moto, si asubuhi.

Fundi alipwe kwa kupima

Ukitazama orodha yote hii, utaona kwamba vipimo vingi vinahitaji mita, geji, kitambaa cha maji na mtu mwenye subira. Kilicho ghali zaidi ndani yake ni muda. Fundi anatakiwa kuliendesha gari hadi lipate moto, kulizima, kungoja, kulijaribu, na pengine kurudia siku ya pili. Hapo ndipo utaratibu wetu wa gereji unapotuangusha. Tumezoea kulipia spea na kufunga spea. Mteja anayelipa bila kunung'unika kwa pampu mpya ndiye huyo huyo anayeuliza, "Fundi, umenitoza nini na hujabadilisha kitu?" Fundi aliyesikia swali hilo mara nyingi anajifunza kubadilisha kitu, hata asipokuwa na uhakika, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kulipwa.

Mwenye gari anaweza kulivunja zoea hilo. Aende gereji akiwa ameandika: gari linakataa baada ya muda gani, lilizimwa au lilizimika, injini inazunguka vipi, mshale wa RPM unafanya nini, namna ipi ya kukanyaga mafuta inasaidia, kulikuwa na harufu au moshi, lilikuwa limetoka kujazwa mafuta au kukaa juani. Aliache gari siku nzima, na akubali bei ya kupima kabla ya kuzungumzia bei ya spea. Fundi naye akatae kubadilisha chochote ambacho hakukiona kikishindwa kwa macho yake au kwa mita yake. Akimwambia mteja, "Bosi, leo sijakipata, niachie na kesho," mteja ajue kwamba hilo ni jibu la fundi anayestahili kuaminiwa, na siku hiyo nayo ailipie.